Pikipiki Inapogoma Kuwaka Alfajiri: Je, Kosa ni la Baridi?

Kila mwaka kipupwe kinapoingia, kati ya Juni na Agosti, mjadala uleule hurudi kwenye vijiwe vya bodaboda vya Njombe, Makete na Mbeya, na ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, kule Limuru, Kinangop na Nyahururu. Pikipiki iliyolala nje inakanyagwa kiki mara thelathini na haiwaki. Fundi wa kwanza anasema betri imekufa. Wa pili anafungua kabureta. Wa tatu anataka oili ibadilishwe, na mpita njia anasema tatizo ni plagi. Mwenye pikipiki, ambaye ana madumu ya maziwa ya kuwahisha na hesabu ya kupeleka jioni kwa tajiri, analipia ushauri wote huo mmoja baada ya mwingine. Ifikapo saa nne jua likiwa limepanda, pikipiki inawaka, na fundi aliyeishika mwisho ndiye anayesifiwa kuwa ameitibu.

Hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Jua linafanya kazi, sifa inakwenda kwa kifaa kilichonunuliwa, na kesho yake alfajiri tatizo liko palepale. Uchambuzi huu unapima hoja tano zinazotajwa sana, unaeleza kila moja ina nguvu wapi na inalegea wapi, kisha unapendekeza mpangilio wa kutafuta chanzo bila kupoteza fedha. Mengi ya haya yanahusu pia pikipiki za magurudumu manne zinazotumika mashambani na katika utalii, kwa kuwa nyingi zina injini ya silinda moja inayofanya kazi kwa kanuni zilezile.

Baridi yetu ni ya namna gani?

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, unapita mita 2,500, na usiku wa Juni na Julai majani yake huamka na sakitu. Limuru na Kinangop nako ni juu ya mita 2,000. Alfajiri za huko zinaweza kushuka hadi nyuzi 5 za Selsiasi, na mahali pengine zikakaribia sifuri.

Baridi hiyo inauma, lakini haifanani na ya Kanada au Urusi, ambako nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida na watu hutumia vifaa vya umeme kupasha injini joto usiku. Ushauri mwingi unaozunguka mitaani umetoka katika nchi za namna hiyo, na ukipandishwa Makete kama ulivyo unapotosha kwa njia mbili. Kwanza, injini nzima isiyo na ubovu inapaswa kuwaka katika nyuzi 5 bila shida kubwa. Pili, baridi yetu haiji peke yake. Inakuja pamoja na mwinuko. Kwenye mita 2,000 kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 80 tu ya ile ya Dar es Salaam au Mombasa. Jambo hili la pili husahauliwa mno, ingawa ndilo linaloeleza kwa nini pikipiki iliyokuwa ikiwaka vizuri pwani inasumbua mara tu inapohamia nyanda za juu.

Kwa nini kila fundi anaonekana kuwa sahihi

Ili iwake, injini ya petroli inadai petroli iliyogeuka mvuke na kuchanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa, cheche yenye nguvu kwa wakati wake, mchanganyiko uliokandamizwa vya kutosha, na mzunguko wa kasi ya kuanzisha kazi. Baridi inagusa yote hayo kwa pamoja: inapunguza mvuke, inadhoofisha betri, inaleta unyevu kwenye nyaya na inafanya oili iwe nzito.

Kwa hiyo kila fundi anashika ukweli kidogo. Kosa linaanza pale anapochukua kipande chake na kukifanya jibu la pikipiki zote.

Hoja ya kwanza: betri

Wanaoitetea hoja hii wanategemea jambo lililothibitishwa. Betri ya risasi na asidi huzalisha umeme kwa kemia, na kemia hupungua kasi kwenye baridi. Ikifika nyuzi sifuri, betri hiyo huwa imepoteza karibu moja ya tano ya uwezo iliokuwa nao kwenye nyuzi 25. Betri ya pikipiki ni ndogo tangu mwanzo, na mara nyingi imeongezewa mzigo wa taa za mapambo, redio, king'ora cha wizi na chaja ya simu. Wenye mazoea ya kutumia kiki huisahau kabisa, na maji ya betri yanapokauka sahani zake huharibika.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inaeleza zaidi kugoma kwa selfu. Pikipiki nyingi za bodaboda zina mfumo wa cheche unaopata umeme moja kwa moja kutoka kwenye magineto, na hizo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imeondolewa. Kama yako ni ya namna hiyo na imegoma kiki pia, kununua betri mpya ni kutibu kidonda kisichouma. Lakini zipo pikipiki ambazo cheche yake inategemea betri, na zipo za injekta ambazo pampu ya petroli haifanyi kazi bila umeme wa kutosha. Kwa hizo, na kwa pikipiki za magurudumu manne zisizo na kiki, betri inastahili kushukiwa mapema.

Kupima ni rahisi kuliko kubishana. Betri iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma volti 12.6 au zaidi kwenye mita ya umeme. Ikisoma 12.2 imebakiwa na karibu nusu ya chaji, na ikiwa chini ya 12 imeisha. Ukibonyeza selfu huku mita ikiwa imeshikizwa, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka hapo ilhali betri ilikuwa imejaa, betri imechoka. Zikibaki juu na stata bado inazunguka kwa uvivu, kagua terminali zenye kutu ya kijani na waya wa negativu ulipofungwa kwenye bodi.

Hoja ya pili: petroli na kabureta

Hoja hii ndiyo yenye mambo mengi zaidi. Petroli ikiwa kimiminika haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Hewa na bomba la kuingizia vikiwa baridi, ni sehemu nyepesi tu ya petroli inayogeuka mvuke, na nyingine hubaki matone yaliyogandama kwenye kuta za bomba. Choki iliwekwa kwa ajili hiyo: inazidisha petroli ili ule mvuke mdogo unaopatikana utoshe.

Hapa ndipo mwinuko unapoingilia kati. Hewa ya juu ni nyembamba, hivyo kabureta iliyopangwa kwa matumizi ya pwani hutoa petroli nyingi kuliko hewa inayoingia. Baridi inataka petroli iongezwe. Mwinuko unataka ipunguzwe. Mwendeshaji anayevuta choki yote, akazungusha moto (mkono wa kuongeza mafuta) na kukanyaga kiki mara ishirini bila kupumzika, kwa kawaida hajaisaidia injini, ameizamisha. Kichujio cha hewa kilichoziba kwa vumbi la kiangazi kinaongeza msiba huo, kwa sababu kinazidi kuibana hewa ambayo tayari ni chache.

Plagi itakuambia upande gani umelemea. Ifungue mara baada ya kukanyaga kiki kadhaa na uitazame kwenye mwanga. Ikitoka imelowa, inanuka petroli na inang'aa kama kijiko kilichochovywa, injini imezama. Funga choki, fungua moto hadi mwisho, kanyaga kiki mara sita au saba ili petroli itoke, kausha plagi kisha ujaribu upya. Ikitoka kavu kabisa, petroli haifiki, na hapo tafuta koki iliyofungwa, tundu la kifuniko cha tanki lililoziba, au jeti ndogo ya sailensa ambayo kitundu chake hakifiki nusu ya milimita. Ikiwa na masizi meusi makavu, pikipiki imekuwa ikila petroli kupita kiasi kwa muda mrefu, na kugoma kwa leo ni matokeo ya wiki nyingi.

Kuna pia suala la petroli yenyewe. Petroli safi hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali mafuta ya taa yanahitaji nyuzi 38 au zaidi. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaweza kuendesha injini iliyokwisha kupata moto, lakini asubuhi inakuwa shida tupu. Tatizo hili linajulikana hadi serikalini. Nchini Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kusimamia uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta ili uchakachuaji ugundulike, na mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuchanganya. Hata isiyochakachuliwa, petroli iliyokaa siku nyingi kwenye chupa ya kando ya barabara imekwisha poteza sehemu zake nyepesi, zile hasa zinazohitajika alfajiri.

Kisha kuna maji. Tanki likilala nusu tupu, unyevu wa hewa iliyomo hugeuka kuwa matone usiku na kushuka chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga kwa glasi angavu, acha itulie dakika moja. Kama kuna maji yatakaa chini yamejitenga, yakitikisika kama lulu chini ya petroli. Kipimo hicho hakigharimu kitu, na kinaweza kumwokoa mtu na gharama ya kabureta mpya.

Udhaifu wa hoja ya petroli ni kuwa inavutia mikono haraka mno. Kabureta ni rahisi kufungua, na kila inapofunguliwa bila sababu jeti hukwanguliwa, gasketi huchanika na skrubu za kurekebisha hupoteza vipimo. Pikipiki iliyoingia kwa fundi ikiwa na tatizo moja hutoka na mawili.

Hoja ya tatu: cheche

Plagi ni bei nafuu, na kwa hiyo hubadilishwa kabla ya kupimwa. Lakini hoja yenyewe ina uzito. Uwazi wa plagi za pikipiki ndogo kwa kawaida huwa milimita 0.6 hadi 0.7, na kadiri ncha zinavyolika uwazi huo huongezeka, na cheche huhitaji umeme mkubwa zaidi kuuruka. Plagi iliyochoka inaweza kufanya kazi injini ikiwa na moto na kushindwa ikiwa baridi.

Katika nyanda za juu adui mkubwa wa cheche ni ukungu. Kofia ya plagi yenye ufa mdogo au waya uliochakaa huingiza unyevu, na umeme hupita njia fupi kwenda kwenye bodi badala ya kufika kwenye plagi. Giza la saa kumi na moja alfajiri linafaa kwa uchunguzi huu: mwenzako akikanyaga kiki, tazama kuanzia koili hadi kwenye kofia, na ukiona vicheche vya buluu vikitambaa juu ya mpira, umempata mwizi. Jua likishakausha mpira huo, dalili yote inapotea.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba plagi mpya huleta nafuu ya siku mbili tatu hata kama chanzo ni kingine. Injini inayokula petroli kupita kiasi itaichafua plagi mpya kama ilivyoichafua ya zamani. Anayenunua plagi kila mwezi anahitaji kuuliza kinachoziua.

Hoja ya nne: oili

Herufi W kwenye lebo ya oili inahusu majira ya baridi, na namba iliyo kabla yake inaonyesha wepesi wa oili ikiwa baridi: ndogo ni nyepesi zaidi. Wanaopendekeza 10W-30 au 10W-40 badala ya 20W-50 wana hoja, kwa kuwa oili nyepesi huruhusu kiki na selfu kuzungusha injini haraka na hufika mapema kwenye sehemu za juu.

Lakini daraja la 20W hupimwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Baridi ya Njombe haifiki huko. Oili ya 20W-50 iliyo safi inaweza kuifanya kiki kuwa nzito, ila peke yake haitoshi kuizuia injini nzima kuwaka. Anayestahili kulaumiwa zaidi ni yule anayetumia oili ya namba moja tu, kama ile inayoitwa namba 40, ambayo haina kipimo cha baridi, au oili iliyopitiliza muda hadi ikawa kama lami.

Tena kila chaguo lina gharama yake. Injini iliyochakaa, yenye ringi zilizolika, hupata ahueni kwa oili nzito kwa sababu inaziba nafasi. Ukiibadilishia oili nyepesi ghafla, itaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Na oili ya gari, hata ikiwa nyepesi na ya bei poa, inaweza kuwa na viongezeo vinavyofanya klachi ya pikipiki iteleze, kwa kuwa klachi hiyo huoga katika oili ileile ya injini. Tafuta chombo chenye alama ya JASO MA.

Hoja ya tano: kompresheni na valvu

Hii ndiyo hoja inayotajwa kwa nadra, pengine kwa sababu hakuna anayependa kuisikia. Valvu zinavyolika kwenye viti vyake, uwazi wake, ambao katika injini hizi huwa karibu milimita 0.05 hadi 0.10, hupungua. Ukiisha kabisa, valvu haifungi barabara na mgandamizo unavuja. Katika injini zinazopozwa kwa hewa na kutumia fimbo za kusukuma valvu, silinda hutanuka ikipata moto na uwazi huongezeka kidogo. Ndiyo maana pikipiki inasumbua alfajiri, na mchana inawaka kwa kiki moja.

Ukijumlisha hilo na mwinuko picha inakamilika. Kwenye mita 2,000 injini huanza na hewa pungufu kwa karibu moja ya tano. Ile ambayo pwani ilikuwa na mgandamizo wa kutosheleza kwa shida, huku juu haina tena akiba.

Kurekebisha valvu kunahitaji fila, yaani vibamba vyembamba vya kupimia uwazi, injini iliyopoa, na nusu saa ya fundi makini. Kasoro ya hoja hii iko kwenye gharama pale ubovu unapokuwa wa ringi au silinda, na katika hatari ya kuambiwa ufungue injini kabla ya kujua. Kipimo cha mpito kipo: tia kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, kisha kanyaga kiki. Mgandamizo ukiongezeka, ringi ndizo zinazovujisha. Ukibaki vilevile, shuku valvu.

Njia za mkato

Kusukuma pikipiki ikiwa gia ya pili kunasaidia pale stata au kiki imeshindwa kuzungusha injini kwa kasi. Hakusaidii kama hakuna cheche, na kwa pikipiki ya injekta yenye betri iliyokufa kabisa ni jasho la bure. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, kikizungushiwa kabureta, hakina madhara na huongeza mvuke. Kumwagia injini maji yanayochemka hupeleka maji kwenye plagi na nyaya. Dawa za kupuliza zenye etha huwasha haraka, lakini huosha oili kwenye kuta za silinda na zikizidi huumiza pistoni.

Kuwasha moto wa kuni au mkaa chini ya injini hakuna upande wa faida wa kupimwa. Mvuke wa petroli hutambaa chini, na pikipiki, nyumba na mtu vinaweza kuteketea kwa pamoja. Vivyo hivyo, unapopima cheche hakikisha hakuna petroli iliyomwagika na plagi iko mbali na tundu lake.

Kuzipima hoja pamoja

Hoja zote tano zikiwekwa kwenye mizani, kigezo cha haki ni kuuliza ni kipimo gani cha bei ndogo kinachoondoa mashaka mengi zaidi. Anza na yasiyogharimu: swichi ya kuzimia, koki ya petroli, stendi ya pembeni kwa zile zenye swichi hapo. Zima swichi, vuta choki, kanyaga kiki mara tatu au nne ili kuilegeza oili na kuvuta petroli, kisha washa na ujaribu bila kugusa moto. Ikikataa baada ya majaribio matano, acha. Fungua plagi, itazame, pima cheche. Cheche ikikosekana, rudi kwenye hoja ya tatu. Ikiwepo, njia ni mbili tu: plagi kavu inakupeleka kwenye petroli, plagi iliyolowa yenye cheche nzuri inakupeleka kwenye choki, kichujio cha hewa au mgandamizo. Betri itangulie kwa wale ambao mashine zao haziwezi kuishi bila hiyo. Oili ibadilishwe kwa ratiba yake, isitumiwe kama dawa ya kubahatisha.

Na vipimo hivi vifanywe alfajiri, pikipiki ikiwa bado baridi. Mwendeshaji anayesubiri hadi saa nne kuikokota kwa fundi anampelekea mgonjwa aliyekwisha pona kwa muda, na fundi mwaminifu kabisa hawezi kuona kisichoonekana. Anayeweza amwite fundi asubuhi, au alaze pikipiki karakana usiku. Asiyeweza aandike alichokiona: plagi ilikuwa kavu au imelowa, cheche ilikuwa na rangi gani, selfu ilizungukaje. Maelezo hayo mafupi yana thamani kuliko vifaa vitatu vilivyonunuliwa kwa kukisia.

Kwa ufupi

Katika nyuzi za baridi tulizo nazo, baridi ni shahidi zaidi kuliko mkosaji. Betri, petroli, cheche, oili na valvu zote zinaweza kuhusika, lakini mara nyingi kilichogoma alfajiri kilikuwa kimeanza kuchoka tangu kiangazi, na mwinuko ulikuwa umekwisha kula akiba ya injini kabla baridi haijafika. Tanki linalolala limejaa, plagi yenye uwazi wake, kichujio safi, valvu zilizopimwa na betri isiyobebeshwa mzigo kupita kiasi ni matengenezo ya gharama ndogo kuliko asubuhi moja iliyopotea. Yafanywe Mei, kabla kipupwe hakijaingia, na abiria wa saa kumi na mbili atafika anakokwenda.